Sakafu ya Mbao: Anza na Zege, Mti Utafuata

Anayeingia katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi akaulizia sakafu ya mbao ataonyeshwa vitu vinne tofauti vinavyouzwa kwa jina moja. Cha kwanza ni ubao mzima wa mninga au mtiki uliopigwa randa. Cha pili ni vipande vidogo vya mbao ngumu vinavyopangwa kwa mtindo wa nakshi, yaani parketi. Cha tatu ni ubao wa tabaka, wenye mti wa thamani juu na plaiwudi chini. Cha nne ni lamineti: unga wa mbao ulioshindiliwa, ukafunikwa kwa karatasi yenye picha ya mbao. Vyote vinang'aa vikiwa dukani, na vyote huitwa mbao. Bei zake hupishana sana, na umri wake hupishana zaidi.

Mkanganyiko huu una gharama. Mtu hununua mbao ghali, masika ya kwanza zikanyanyuka, ilhali jirani aliyetumia pesa kidogo bado anatembea juu ya sakafu iliyotulia. Kutokana na visa vya namna hiyo zimeenea kauli mbili: kwamba mbao haikai chini katika nyumba ya Pwani, na kwamba mbao ngumu haishindwi na kitu. Kila moja ina chembe ya ukweli, na kila moja inapotosha, kwa sababu zote zinaanza na mti. Panapostahili kuanziwa ni chini ya mti, kwenye zege.

Mbao zilikaa juu, mguu ukakanyaga chokaa

Waashi wa nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja waliijua mbao vizuri. Walichonga milango, wakalaza boriti za mikandaa kubeba dari, hata upana wa vyumba vyao ukaamuliwa na urefu wa boriti zilizopatikana, ndiyo maana vyumba hivyo ni virefu na vyembamba. Hata hivyo sakafu ilikuwa ya chokaa, chini na ghorofani. Ardhi ya Pwani hutoa unyevu mwaka mzima, na mchwa hufuata mbao yoyote iliyogusana na udongo. Watu waliokuwa na mafundi wa majahazi mlangoni hawakukosa mbao za sakafu kwa kutojua.

Sakafu za mbao zilizoea zaidi nyanda za juu. Nyumba nyingi za zamani za Nairobi bado zina parketi, na sababu inaeleweka asubuhi ya Julai: mbao haifyonzi joto la mguu haraka kama marumaru, kwa hiyo haisikiki baridi. Sifa hiyo hiyo ni hasara kwa mtu wa Tanga au Zanzibar ambaye wakati wa kaskazi hutandika mkeka sakafuni ili apate ubaridi wa saruji. Kwa hiyo swali la kama mbao inafaa lina majibu zaidi ya moja hata kabla bei haijatajwa.

Kuna pia tatizo la jina. Wataalamu wa mimea wanaposema mbao ngumu wanamaanisha mbao za miti ya majani mapana, na mbao laini ni za jamii ya misindano. Mgawanyo huo haupimi ugumu. Mbao ya balsa, nyepesi hata ukucha unaiumiza, huhesabiwa katika kundi la mbao ngumu. Muuzaji anayesema "hii ni mbao ngumu" huenda anasema kweli, na bado hajakwambia lolote kuhusu sakafu yako.

Unyevu ndio mwamuzi

Mbao haiachi kunywa na kutoa maji hata miaka 50 baada ya mti kukatwa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huifanya mbao itulie kwenye unyevu wa takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 65 huituliza kwenye 12, na hewa ya asilimia 50 kwenye 9. Hewa ikibadilika, mbao hufuata. Ikinywa hutanuka, ikikauka husinyaa, na hufanya hivyo kwa upana. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo. Ubao wa mtiki wenye upana wa milimita 120, ukipoteza unyevu kutoka asilimia 14 hadi 10, husinyaa karibu milimita 0.9. Ubao wa mwaloni mwekundu wa Marekani wenye upana uleule husinyaa karibu milimita 1.8, mara mbili. Chumba cha upana wa mita 4 kina mbao kama 33 za namna hiyo. Kwa mtiki, tofauti ya chumba kizima inafikia karibu sentimita 3; kwa mwaloni, karibu 6. Zikisinyaa, mwanya unajitokeza kati ya kila mbao mbili. Zikitanuka pasipo nafasi ya kwenda, zinanyanyuka. Nafasi ya sentimita moja au zaidi inayoachwa pembezoni mwa chumba na kufichwa na skating, ule ukanda wa chini ya ukuta, ipo kwa ajili ya hesabu hii, na fundi anayesukuma mbao hadi zigandane na ukuta ili kazi ionekane safi ameiharibu siku ileile.

Pwani ina faida moja isiyosemwa sana. Unyevu wa Dar es Salaam na Mombasa ni mwingi, lakini hauyumbi sana mwaka mzima, na mbao huumizwa zaidi na kuyumba kuliko na wingi wenyewe. Dodoma, ambako miezi ya kiangazi hewa hukauka kisha mvua zikaanza, huitikisa mbao kuliko watu wanavyodhani. Kinachoyumbisha nyumba ya Pwani ni kiyoyozi. Chumba kinachopoozwa usiku na kufunguliwa madirisha mchana, au kilicholazwa mbao zilizozoea hewa ya nje kisha kikawekewa kiyoyozi mwaka wa pili, hubadilisha masharti chini ya miguu ya mwenye nyumba. Anayepanga kuweka kiyoyozi na amwambie fundi mapema.

Hapo ndipo suala la ukaushaji linapoingia. Mbao zilizoanikwa kivulini hukauka hadi kufikia unyevu wa hewa ya mahali hapo, kisha zinagota. Mbao iliyoanikwa Pwani ikafika asilimia 15 inafaa chumba cha Pwani kisicho na kiyoyozi. Ipeleke Dodoma, au chumba kinachopoozwa usiku na mchana, itasinyaa. Kwa chumba kama hicho inahitajika mbao iliyopitia tanuri la kukaushia, ambalo linaweza kuishusha hadi asilimia 8 au 10. Mbao ghali zaidi sokoni, ikilazwa mbichi, ni mbovu kuliko mbao ya wastani iliyokauka.

Kisha kuna zege lenyewe. Mafundi hutumia kanuni ya mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene. Jamvi la milimita 100 basi linataka kama miezi minne, na wenye nyumba wengi hawana subira ya wiki nne. Hata zege kuukuu hupitisha unyevu wa ardhini kama halikuwekewa nailoni nzito chini yake wakati wa kumwaga. Upo mtihani wa bei nafuu: gundisha kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe pande zote, kiache usiku kucha au zaidi. Matone yakionekana chini yake au zege likigeuka jeusi, sakafu hiyo haijawa tayari. Nailoni ikibaki kavu bila dalili, bado kipima unyevu ni bora, lakini angalau umeondoa hatari kubwa.

Unyevu ukitoka chini, sehemu ya chini ya ubao hutanuka kuliko ya juu. Kingo huinuka, katikati hubonyea, na kila ubao huwa kama mtumbwi mdogo. Wengi hapo humwita fundi apige msasa kusawazisha. Ni kosa linalozaa kosa la pili: unyevu ukija kuisha, mbao hurudi zilipokuwa, na kingo zilizokwanguliwa sasa ziko chini, katikati imebaki juu. Sakafu iliyobinuka hukaushwa kwanza na chanzo cha maji hutafutwa. Msasa ni wa mwisho.

Njia nne, na zinavyotetewa

Wanaotetea ubao mzima wana hoja yenye nguvu. Ubao wa unene wa milimita 18 hadi 20 una karibu milimita 6 za mti juu ya ulimi unaouunganisha na mwenzake, na kila kupigwa msasa huondoa kama nusu milimita hadi milimita moja. Sakafu hiyo inaweza kufanywa upya mara kadhaa na kumhudumia mjukuu. Udhaifu wake ni kwamba ndiyo inayotanuka na kusinyaa kwa nguvu zote, hasa mbao zikiwa pana. Watu hupenda mbao pana kwa sababu zinaonyesha mstari wa mti, ilhali upana ndio unaokuza mwanya. Tena huhitaji kupigiliwa juu ya papi, yaani vipande vya mbao vinavyolazwa chini yake, na uwazi ulio kati ya papi katika nyumba ya chini ni njia ya mchwa kama udongo haukutiwa dawa kabla ya msingi kufunikwa.

Parketi ni jibu la zamani kwa tatizo hilo, na nadhani imesahauliwa isivyo haki. Vipande vifupi na vyembamba, vinavyogundishwa moja kwa moja kwenye zege kavu na kupangwa kwa kupishana, hugawa mtanuko katika viungo mamia. Kila kiungo hubeba kidogo, na macho hayaoni. Parketi pia hutumia mbao fupi ambazo mpasuaji angezitupa. Inachodai ni fundi mvumilivu, zege lililosawazishwa vizuri na gundi bora. Fundi wa namna hiyo hapatikani kila mtaa, na ndiyo sababu kubwa ya wauzaji kuikwepa.

Ubao wa tabaka ulipewa hataza na Msweden Gustaf Kähr mwaka 1941. Mantiki yake ni ya plaiwudi: kila tabaka hulazwa kukingamana na lililo chini yake, moja likitaka kutanuka jingine linalizuia. Kwa uthabiti, hakuna ubao mzima unaoushinda. Tatizo liko kwenye tabaka la juu, ambalo huanzia milimita 0.6 na kufikia 6. Lenye milimita 4 hupigwa msasa mara mbili au tatu. Lenye 0.6 halipigwi hata mara moja, na likikwaruzwa hadi chini maisha yake yamekwisha. Muuzaji huonyesha rangi. Mnunuzi na aombe kuona ukingo wa ubao na rula.

Lamineti, iliyobuniwa Sweden mwaka 1977, ni nafuu, hulazwa kwa siku moja, na uso wake hustahimili mikwaruzo kuliko vanishi ya mbao halisi. Mpangaji, au mwenye chumba cha ghorofani anayetaka sura ya mbao kwa muda, hana sababu ya kuidharau. Lakini kiini chake ni unga wa mbao, na maji yakipenya kwenye kiungo huvimba na hakirudi. Haipigwi msasa. Sehemu ya gundi zinazotumika hutoa hewa ya fomaldihaidi, ambayo tangu mwaka 2004 imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo tafuta kwenye boksi alama ya E1, ya kiwango kidogo cha hewa hiyo, na usinunue boksi lisilo na maandishi. Kuiweka lamineti chumba cha chini mjini Dar es Salaam bila uhakika wa ukavu wa zege ni kutupa pesa.

Sasa mti

Kipimo cha ugumu kinachotajwa zaidi kimetokana na Gabriel Janka, mtafiti wa Austria, aliyekibuni mwaka 1906. Hupimwa nguvu inayotakiwa kuzamisha goroli ya chuma ya kipenyo cha milimita 11.28 nusu yake ndani ya mbao. Mtiki hupata kama niutoni 4,740, mvule 5,610 na mwaloni mwekundu karibu 5,740. Kwa kipimo hicho mtiki ndio wa mwisho. Hata hivyo ndio uliotandikwa kwenye sitaha za meli kwa karne nyingi, kwa sababu una mafuta yanayozuia maji na haubabaishwi sana na unyevu. Goroli ya Janka inakwambia kisigino kitabonyeza kiasi gani. Kuhusu masika haikwambii kitu.

Mninga una sifa ambayo wauzaji hawaitangazi vya kutosha: ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo kabisa. Kwa sakafu hilo lina thamani kuliko rangi yake. Mkongo ni mgumu zaidi na nao umetulia, ila ni mzito kupasua na kupigilia. Mvule huanza na rangi ya manjano kisha hukolea hadi kahawia. Wakati mwingine hubeba ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyovunja meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na mapafu, kwa hiyo fundi avae barakoa. Muhuhu, mti wa misitu mikavu ya Kenya na Tanzania, ni mgumu kupita hizi zote na hunukia kama msandali. Shina lake ni dogo na limepindapinda, halitoi mbao ndefu, ndiyo sababu ukajulikana kama mti wa parketi.

Tahadhari moja inahusu karibu miti yote: kinachostahimili mchwa na bungua ni kiini chenye rangi. Sehemu nyeupe ya nje huliwa, iwe ya mninga au ya mtiki. Mtiki wa shambani uliokatwa ukiwa mdogo una weupe mwingi, na kuupaka rangi ya kahawia hakubadilishi chochote. Geuza ubao utazame upande wa chini kabla ya kulipa.

Msitu nao una hoja

Mtu anaweza kusema: kama mninga ndio bora, mninga basi. Lakini mninga hukua taratibu mno. Miche yake hufa juu na kuchipua tena kwa miaka kadhaa kabla ya shina kusimama, na mashamba ya kupandwa hayajafanikiwa. Karibu kila ubao wa mninga unaouzwa umetoka msitu wa asili. Mwezi Novemba 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, ziliingiza jamii za mninga na mkongo za Afrika kwenye Kiambatisho cha Pili. Biashara ya kimataifa haikupigwa marufuku, ila inataka kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji hauhatarishi mti. Muhuhu nao umepungua kwa kuvunwa na wachonga vinyago na wapasua mbao.

Mtiki una njia nyingine. Si mti wa asili wa Afrika. Umepandwa Tanzania tangu enzi za Wajerumani, na leo unavunwa katika mashamba ya Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, Rondo mkoani Lindi na bonde la Kilombero. Anayeununua anakata mti uliopandwa ili ukatwe. Kwa Mkenya bei imekuwa na historia yake: marufuku ya ukataji miti iliyowekwa Februari 2018, hadi serikali ilipotangaza kuiondoa Julai 2023, iliwasukuma wauzaji kutegemea zaidi mbao za Tanzania, Uganda na Kongo. Popote ulipo, mbao za asili zisizo na hati ya kusafirisha na, kwa Tanzania, alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, huenda zimeibwa. Punguzo la bei unalopewa linalipwa na kijiji fulani kilichopoteza msitu wake.

Deki

Sakafu nyingi hufa kwa usafi. Neno lenyewe, kupiga deki, limetoka melini, kwenye sitaha ambazo viungo vyake vilizibwa ili maji yapite juu. Ndoo ya maji inayomwagwa sebuleni kila asubuhi huingia kwenye kila kiungo cha sakafu ya mbao. Kitambaa kilichokamuliwa sana kinatosha. Mchanga ni adui wa pili, kwa kuwa hukwangua vanishi kama msasa, na hapo desturi ya Pwani ya kuvua viatu mlangoni inafanya kazi kuliko dawa yoyote ya kung'arisha. Vanishi ya poliyurethini hufunga uso vizuri, lakini ikichubuka chumba kizima hupigwa msasa. Mafuta hudai kurudiwa mara kwa mara na huruhusu kurekebisha kipande kimoja. Nyumba yenye watoto wengi itafaidika na mafuta.

Uzani wa hoja

Kwa chumba cha chini katika nyumba ya Pwani isiyo na kiyoyozi, na zege likiwa kavu, chaguo langu la kwanza ni parketi au mbao nyembamba za mtiki wa shambani, zenye kiini kingi, zilizokaushwa na kugundishwa. Mtiki una mafuta, kwa hiyo uso wake upigwe msasa upya muda mfupi kabla ya gundi. Chumba chenye kiyoyozi kinastahili ubao wa tabaka wenye milimita 3 au zaidi za mti juu. Nyanda za juu na ghorofani, ubao mzima unatetea bei yake, mradi upana usizidi sana sentimita 10. Lamineti ibaki ghorofani na kwa muda. Na kama zege halijakauka, au hakuna nailoni chini yake na hakuna pesa za kulitibu, weka marumaru bila kuona haya.

Siku ya kukabidhi malipo ya kwanza, mwombe fundi aje na kipima unyevu, apime mbao na zege mbele yako, mwandike namba zote mbili. Fundi asiyekuwa nacho usimkabidhi kazi ya sakafu ya mbao.